Landrova ya Watu Wanane

Jumamosi, 4 Septemba 1971

Leo tumemsahau Andrea kule Mikindani. Mtoto wa miaka minane, mzima, ana miguu na mdomo! Kosa si langu. Kosa ni la Morisi, kigari chetu. Gari la watu wanne, sisi tuko saba: mimi, Rozalia na watoto watano. Kwa hiyo kila safari yetu ni safari mbili. Napeleka nusu, narudi kuchukua nusu. Leo tulikuwa kwenye kipaimara cha mtoto wa karani mwenzangu wa bandarini. Wakati wa kurudi, nusu ya kwanza ikadhani Andrea yuko nusu ya pili. Nusu ya pili ikadhani yuko ya kwanza. Tumegundua mezani, pale tonge moja liliposalia halina mwenyewe. Kwetu tonge halibaki.

Nikarudi mbio. Nikamkuta barazani kwa watu nisiowajua, anakula pweza. Akauliza mbona nimewahi.

Jioni Rozalia akasema jambo. Akalisema kwa sauti ile ile ya kuniomba nimsogezee chumvi. Mwisho wa mwezi kaka yake Gaudensi anakuja na lori la misheni kuchukua saruji bandarini. Tarehe 25 atapanda naye hadi kwao Songea, pamoja na watoto wetu watatu wadogo. Mimba ina miezi sita, bado anaweza safari. Atajifungulia kwa mama yake. Atarudi Pasaka.

Pasaka!

Akasema hapa hatuenei tena. Leo tumesahau anayetembea, kesho tutasahau wa kubebwa. Akaniuliza kama nina neno. Nikasema sina. Akangoja kidogo. Nikasema tena sina, nikaenda uani kupasua kuni. Tuna kuni za kutosha hadi Krismasi.

Jumapili, 5 Septemba

Nimefikiri misa nzima. Sikumbuki hata injili ilikuwa ya nani. Tatizo ni dogo! Yeye kasema hatuenei. Basi tutaenea. Nikipata gari la watu wanane kabla ya tarehe 25, hana sababu ya kwenda. Atabaki. Sitahitaji kusema lolote. Mimi Danieli Komba, karani wa ghala namba mbili, nanunua Landrova. Ile ndefu, ya madirisha pembeni na mlango nyuma.

Jumatatu, 6 Septemba

Mambo mabaya. Jirani yangu Mwalimu Yohana naye anatafuta Landrova ndefu! Ana watoto watatu tu. Wa nini ukubwa wote huo? Ana daftari maalumu. Kachora mistari kwa rula: injini, matairi, rangi, mwenendo wa mwenye gari. Aliniuliza kwa upole kama na mimi nimeanza kutafuta. Nikamwambia mimi? Kamwe. Morisi yanitosha.

Baada ya kazi nikaenda kwa Sebastiao, fundi wetu. Kavuka Ruvuma miaka mingi iliyopita, ufundi kaujulia kwao Msumbiji, na hakuna gari hapa Mtwara ambalo hajalilalia chini yake. Akanipa mawaidha. Gari kukuu litazamwe chesisi, gia na breki, mengine ni mapambo. Akaniapisha nisinunue chochote bila yeye. Nikaapa. Njiani nikakumbuka kuwa pikipiki ya Yohana hutengenezwa na Sebastiao huyo huyo. Nimefuta kiapo.

Jumatano, 8 Septemba

Kazi ya kitaalamu leo. Nimepima makalio ya familia yangu kwa kamba. Gari halichaguliwi kwa macho. Niliwakalisha watoto kwenye benchi la jikoni, nikapitisha kamba, nikafunga fundo kwa kila mmoja. Veronika ni mkubwa, ana miaka kumi na miwili, akasema anaona aibu. Mathayo akajitanua makusudi. Joana, wa miaka miwili, akala fundo lake.

Rozalia alikuwa amelala ubavu, mchana, amechoka. Nikaona ndiyo nafasi. Nikapitisha kamba taratibu kabisa. Akafumbua jicho moja. Akauliza kama nampimia jeneza. Nikamwambia napima kitanda. Akasema kitanda tunacho, baba Vero, wewe ndiye hulali. Akashika mkono wangu wenye kamba, akauweka tumboni. Mtoto alikuwa anacheza. Tukakaa hivyo kitambo. Nikasahau kufunga fundo, kwa hiyo kipimo cha Rozalia sina. Nimekadiria.

Jumamosi, 11 Septemba

USHINDI!

Nimeipata Madimba. Landrova ndefu, kijani. Mwenyewe ni Mzee Omari, hubeba samaki kutoka Msimbati kuleta mjini. Umri umeanza kumchosha, anataka kigari kidogo. Mimi nina kigari kidogo! Nikaona mkono wa Mungu.

Tena ni Myao, na mimi Mngoni. Watani! Aliposikia natoka Songea hakunijibu salamu, alimwita mkewe Somoe afungie kuku ndani. Nikamwambia asihangaike, kuku wa Wayao babu zetu waliwaacha kwa sababu wamekonda kama wenyewe. Akaniuliza babu zangu walijuaje, na wakati huo walikuwa wanakimbia. Basi tukaelewana tangu hapo. Sijacheka hivyo tangu mwaka juzi.

Akanionyesha gari. Jamani huyu mzee ana maneno! Akasema sakafu imeliwa na maji ya chumvi ya samaki, nikikanyaga vibaya nitaendesha huku nakimbia. Akasema gia ya pili imekufa, na arobaini yake wameshasoma. Breki ukikanyaga mara moja inaitikia salamu tu, mpaka mara tatu ndipo inasimama. Honi hulia yenyewe ukikata kushoto. Kila alilosema nilijishika mbavu. Utani wa namna hii mjini umeisha.

Mimi nikubali kushindwa na Myao? Nikaisifia Morisi. Nikamwambia haipandi kilima mpaka abiria wateremke waibembeleze. Inakunywa oili kuliko petroli. Mlango wa kushoto umefungwa kwa khanga ya mke wangu. Mzee Omari akafuta machozi kwa kofia yake. Akasema Mngoni mimi ni hatari.

Tumebadilishana hapo hapo, Morisi yangu na baiskeli juu, mbele ya Somoe na jirani mmoja. Tumepeana mikono. Injini hata hakuitania, bila shaka ni nzima sana.

Nimerudi polepole. Gia zake zina ugeni kidogo, nitazizoea.

Jumapili, 12 Septemba

Niandike vizuri kwanza. Leo sisi sote saba tumekwenda kanisani mara moja. Mara moja! Rozalia mbele, Joana mapajani. Nyuma Veronika, Mathayo, Andrea na Sabina, na nafasi ya mtu mwingine imebaki pale pale, tupu, inangoja. Niliwahesabu kwenye kioo mara tatu. Nilijisikia kulia. Nikasema ni vumbi. Rozalia akasema madirisha yamefungwa.

Sasa mabaya.

Karibu na lango la kanisa sakafu ya nyuma ikafunguka. Mathayo akaanza kutembea barabarani huku amekaa kwenye kiti. Namshukuru Mungu gia ya pili haipo, tulikuwa tunakwenda mwendo wa maandamano. Nikakanyaga breki. Ikaitikia salamu. Nikakanyaga tena. Ya tatu ndipo tukasimama, katikati ya maua ya mapadre. Kufika hapo nilikuwa nimekata kushoto, na honi inalia, na watu wote wametoka nje kutazama Bwana Komba amekuja na nini. Mwalimu Yohana alikuwa mbele yao. Daftari mkononi. Siku ya Bwana!

Mathayo kachubuka soli tu. Anaomba turudie.

Rozalia alicheka mpaka akashika nguzo. Sikuwa nimemwona akicheka tangu ile habari ya Pasaka. Mimi sikucheka. Nimeuziwa kweli tupu! Kila alilosema Omari lilikuwa kweli! Mtu gani anauza gari kwa kusema kweli?

Jumanne, 14 Septemba

Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda Madimba kumkabili. Sikufika. Nilimkuta njiani, kwenye kimlima, Morisi imesimama na yeye amekaa kando yake na matenga matatu ya samaki. Kabla sijafungua mdomo akaniita tapeli. Mimi! Nikamwambia sakafu je? Akasema sakafu alinieleza, mbele ya mashahidi. Halafu akauliza mbona sikumwambia kuwa Morisi haipandi vilima. Nikamwambia nilimwambia, tena alifuta machozi kwa kofia. Akasema alidhani namtania.

Magari mawili, na kila mtu kaambiwa yote.

Mzee akawa muungwana. Akasema turudishiane, kila mtu achukue chake, na baiskeli yangu nipewe. Nikakataa. Akashangaa. Ikabidi nimweleze habari ya tarehe 25, na Pasaka, na watu wanane. Akasikiliza bila kucheka. Akauliza kama nimemwambia mke wangu asiende. Nikamwambia Landrova ndiyo itakayomwambia. Akasema niachane na Landrova, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba nataka abaki, maneno hayanywi petroli. Akaniangalia usoni kabisa wakati anasema.

Nikacheka sana! Wayao bwana! Hata mtu akiwa na shida, wao mzaha tu.

Nikampakia yeye na matenga yake, nikampeleka mpaka mjini, tukaivuta Morisi kwa kamba. Ile niliyopimia familia, nimeikunja mara nne. Ilitosha.

Jumamosi, 18 Septemba

Sebastiao kalala chini ya gari kwa muda wa saa tatu. Alipotoka hakunitazama. Aliuliza tu kiapo changu kilikwenda wapi. Nikasema safari ilikuwa ya ghafla. Akapiga mbao kwenye sakafu, mbao za makasha ya bandarini, zimeandikwa USIPINDUE. Breki kazirekebisha, sasa ni mara mbili. Chesisi kaisifu, akasema itatuzika sote. Gia ya pili lazima iagizwe Dar es Salaam, ije kwa meli, huenda Novemba. Nikamweleza habari ya tarehe 25. Akauliza kwani mama anasafiri na gia?

Harufu ya samaki haitoki. Tumeosha kwa majivu, kwa malimau, kwa sabuni ya mche. Paka saba wamelala chini ya gari. Mwalimu Yohana amepita, akagonga bodi kwa kidole, akaandika. Nikamwambia mbao ni za kisasa.

Jioni nimemkuta Rozalia anakunja nguo za watoto kwenye sanduku. Vigauni vya Sabina, kashati ka Andrea kenye doa la pweza. Nikasimama mlangoni. Akainua uso, akaniuliza kama nataka kitu. Nikamwambia chesisi ni nzuri sana.

Ijumaa, 24 Septemba

Gaudensi amefika. Lori limeshapakiwa saruji. Kesho saa tatu wanaondoka. Nimeona mchezo unakwenda vibaya, nikatayarisha hotuba. Nimeiandika nyuma ya fomu za ghala, kurasa mbili.

Baada ya chakula nikamwita Rozalia nje, nikamkalisha kwenye kiti cha mbele cha Landrova, nikasimama. Nikamsomea. Viti: watu kumi wakibanana, wanane kwa heshima. Springi: ndefu, hazimtikisi mjamzito. Nafasi ya miguu. Dirisha la kitoto nyuma, Joana anaona nje. Chesisi, kwa ushuhuda wa fundi. Nikaeleza kwamba sababu ya kutokuenea imeondolewa rasmi.

Alisikiliza yote, mikono juu ya tumbo. Akauliza kama nimemaliza. Nikasema ndiyo. Akauliza hakuna kingine chochote ninachotaka kumwambia, kabla ya kesho. Nikafikiri sana. Nikamwambia matairi ya nyuma ni mapya.

Akapumua. Akasema sawa, baba Vero. Akaingia ndani. Sielewi. Hotuba ilikuwa kamili.

Jumamosi, 25 Septemba

Nitaanza mwanzo.

Saa tatu wamepanda. Gaudensi kwenye usukani, Rozalia kando, na watoto watatu wamesongwa katikati kama maharage. Wamebanana kuliko kwenye Morisi! Nilitaka kumwonyesha jambo hilo. Nikampa mkono. Mke wangu wa miaka kumi na mitatu, nikampa mkono kama mkaguzi wa ghala.

Nikasema nitawasindikiza hadi Mikindani. Veronika na Mathayo wakaingia Landrova na mimi. Nyuma kulikuwa na nafasi kubwa mno. Nilikuwa sijajua nafasi inaweza kumuumiza mtu.

Tukapita Mikindani. Kikaja kilima. Lori likaanza kukipanda, zito, mwendo wa mtu aliyebeba ndoo. Mimi nikaanza na gia ya kwanza, nikatafuta ya pili, nikakumbuka ni marehemu, nikarukia ya tatu. Landrova ikakohoa, ikasimama. Lori likaendelea. Veronika akauliza, baba, ndiyo wanakwenda?

Nikavuta breki ya mkono, nikamwambia Mathayo aweke jiwe, nikashuka. Nikakimbia. Mimi, karani wa ghala, na viatu vya ofisi! Nikalifikia lori karibu na kilele, nikashika dirisha la Rozalia, nakimbia kando yake. Nilitaka kuanza na springi. Pumzi ya springi sikuwa nayo. Maneno yakatoka yenyewe, sikuyachagua. Nikamwambia usiende. Nikamwambia hizo kuni zote nimempasulia nani. Nikamwambia siwezi nyumba ile bila wewe, ni kubwa mno, sitasikia mtu akikohoa. Nikamwambia naogopa ujifungue mbali nisijue. Nikasema nakupenda, kwa sauti, na watu wa Mikindani wamesimama kando na mihogo yao wanasikia! Nikamwambia nimeshaanza kukukumbuka tangu tarehe nne.

Rozalia akamwambia Gaudensi asimame. Gaudensi akasema akisimama hapo na saruji hii hatang'oka leo. Rozalia akasema simama. Akasimama. Rozalia akashuka taratibu, analia na kucheka, akanifuta uso kwa ncha ya khanga. Akaniuliza maneno hayo nilikuwa nimeyaficha wapi wiki tatu zote. Nikamwuliza maneno gani.

Tumeshusha sanduku. Tumeshuka kilima kwa miguu, watoto mbele, mimi na yeye nyuma, kanishika mkono. Tumerudi nyumbani sote saba, mara moja.

Sasa nimetulia, naweza kupima mambo kwa akili. Nimeshinda! Nimechunguza ilikuwaje. Kutoka dirishani kwa lori, Rozalia alipogeuka, aliiona Landrova pale kilimani, imesimama imara, haiteremki hata kidogo. Ndipo moyo ukageuka. Chesisi hiyo. Hotuba ilichelewa kumwingia tu.

Jumapili, 12 Desemba

Tuko wanane. Jumatano, asubuhi, mtoto wa kike. Tumemwita Maria. Nilikuwa kwenye benchi la nje ya wodi tangu alfajiri, nikasikia sauti yake ya kwanza. Mkunga akanipa nimshike. Mwepesi! Nilikuwa nimejitayarisha kusema jambo la maana, nikasema karibu. Rozalia mzima, amechoka, mrembo. Siku iliyofuata ilikuwa sherehe za miaka kumi ya Uhuru, gwaride linapita, na mimi nikawa naona yote ni kwa ajili ya Maria.

Leo nimewatoa hospitali. Wote wanane, safari moja. Mzee Omari na Somoe wamekuja kutazama mtoto, na tenga la samaki. Omari kamtazama Maria, kasema ni mzuri mno kuwa Mngoni, wachunguze vizuri wodini.

Halafu Mwalimu Yohana akaja. Hakuwa na kiburi leo. Akanivuta pembeni. Mkewe Theresia naye anataka kurudi kwao Tukuyu baada ya Krismasi, na watoto, na hajasema atarudi lini. Yohana akasema hapati usingizi. Akaniuliza, kwa unyenyekevu, mimi nilifanya nini mpaka wangu akabaki. Nilimhurumia. Nikamshika bega, nikamwambia asibabaishwe na mengine: atafute chesisi ndefu. Akafungua daftari, akaandika, akapiga mstari chini yake mara mbili. Kanishukuru sana. Kesho tunakwenda wote Madimba kuuliza.

Nikamsimulia Rozalia. Akaniangalia muda mrefu, Maria kifuani. Akaniuliza, kweli baba Vero, wewe unajua kwa nini nilishuka kwenye lile lori? Nikamwambia najua sana. Ni nafasi ya miguu.

Akanivuta nikae karibu yake kitandani. Akasema ndiyo, mume wangu, ni nafasi ya miguu.